Ubao wa Kijani, Wateja Foleni: Zana za Kusimamia Hifadhidata Zinavyotuponza

Saa nane kasorobo mchana simu ya mezani iliita. Aliyepiga ni dada wa kaunta wa chama kimoja cha akiba na mikopo ambacho nawatunzia hifadhidata. "Kaka, mfumo umeganda. Wanachama wamejaa hapa, wengine wameshaanza kutoa maneno." Nikageukia skrini kubwa ya ukutani, ubao wetu wa kufuatilia hali ya seva. Kijani tupu. Prosesa asilimia 4. Diski imetulia kama maji ya mtungi. Nikamjibu kwa ujasiri ambao hadi leo unanitia haya: "Hapana dada, huku kwetu mfumo uko salama. Hebu angalieni mtandao wenu."

Mtandao wao haukuwa na neno. Ilinichukua dakika 25 kulijua hilo, na kwa dakika zote hizo ukuta uliendelea kung'aa kijani.

Kilichotokea ni hiki. Saa sita na nusu mhasibu mmoja alifungua ile programu ya madirisha na vitufe ya kuchungulia hifadhidata, akavuta orodha ya mikopo ili ailinganishe na karatasi zake. Programu ilikuwa imewekwa kwa namna ambayo ukiuliza chochote inafungua muamala (si wa fedha, ni kikao cha kazi ndani ya hifadhidata), na muamala huo unabaki wazi mpaka wewe mwenyewe ubonyeze kitufe cha kuuthibitisha au kuutengua. Yeye alisoma tu, hakubadilisha hata nukta, sasa athibitishe nini? Akaacha kompyuta vile vile akaenda kula. Saa saba na dakika 35 kijana wa programu akaongeza safu moja kwenye jedwali lilelile la mikopo, kazi ambayo siku nyingine huisha kabla hujapepesa jicho.

Hifadhidata yetu ilikuwa PostgreSQL. Humo, kusoma jedwali kunashika kufuli jepesi ambalo halimzuii msomaji mwingine wala anayeandika, ila linashikwa mpaka muamala ufungwe. Kuongeza safu kunataka kufuli zito, la kulimiliki jedwali zima peke yako japo kwa sekunde. Piga picha ya daraja jembamba ambalo baiskeli moja imesimama katikati. Pikipiki zinaipita bila shida. Halafu linakuja lori pana, linasimama kusubiri baiskeli iondoke. Tangu hapo hata pikipiki hazipiti tena, kwa sababu zinajipanga nyuma ya lori. Baiskeli ni mhasibu aliyekwenda kula, lori ni amri ya yule kijana, na pikipiki ni kila karani wa kaunta aliyejaribu kufungua ukurasa wa mkopo.

Sasa kwa nini ukuta ulikuwa kijani? Kwa sababu anayesubiri kufuli hatumii prosesa. Hasomi diski. Amekaa tu. Kadiri foleni ilivyorefuka ndivyo seva ilivyozidi kupumzika, na ubao wetu ulikuwa umefundishwa kuogopa namba zinazopanda peke yake. Siku ya kawaida saa hiyo prosesa huwa kwenye asilimia 30 na kitu. Asilimia 4 mchana wa mwisho wa mwezi ndiyo iliyokuwa king'ora chenyewe, lakini hakuna aliyeuagiza ubao upige kelele kazi inapokosekana.

Tangu siku ile nimezichambua zana hizi kwa jicho jingine, na malalamiko yangu karibu yote yanaishia mahali pamoja: madhara yao makubwa huja zinapokuwa kimya. Zana ikisema "hitilafu", utahangaika lakini utafika. Isiposema kitu, sisi wenyewe ndio tunaojaza nafasi ile, na tunaijaza kwa neno "salama".

Chukua namba inayoaminiwa kuliko zote kwenye MySQL, aina nyingine ya hifadhidata, ile inayosema seva nakala iko nyuma ya seva kuu kwa sekunde ngapi. Kwa miaka mingi iliitwa Seconds_Behind_Master, na kuanzia toleo la 8.0.22 ikaja amri mpya inayoiita Seconds_Behind_Source. Jina linaahidi makubwa. Utaratibu wake ni mdogo. Seva nakala ina wafanyakazi wa aina mbili: mmoja anapokea mabadiliko kutoka seva kuu na kuyaweka kwenye trei, mwingine anayatoa kwenye trei na kuyaandika. Namba ile inapimwa upande wa huyu wa pili tu. Ni sawa na karani wa tawi la Morogoro anayenakili daftari la Dar es Salaam kwa kurasa zinazoletwa na basi. Ukimuuliza "Uko nyuma kiasi gani?" anatazama trei, anaikuta tupu, anakujibu: "Siko nyuma hata kidogo." Basi limekwama Chalinze tangu asubuhi, naye hana habari. Hajasema uongo. Ameulizwa kuhusu trei, akajibu kuhusu trei.

Na unakili ukisimama kabisa, namba hiyo haipandi. Inakuwa tupu, NULL. Nimeshakuta skripti zaidi ya moja ambazo kitu tupu zinakigeuza sifuri kabla ya kukichora kwenye grafu. Kwa hiyo unakili umekufa na grafu inaonyesha afya njema kuliko siku zote. Kampuni ya Percona ina zana iitwayo pt-heartbeat kwa sababu ya mambo haya: inaandika saa kwenye jedwali dogo la seva kuu kila sekunde, kisha inakwenda kuisoma saa hiyo hiyo upande wa nakala. Sasa unapima safari nzima, basi na Chalinze ndani yake. Ni kitu chepesi sana, na bado naingia kwenye ofisi nyingi nakuta hakipo.

Logi ya maswali ya polepole, yaani daftari ambamo hifadhidata inaandika maswali yaliyochelewa kujibiwa, nayo ina ukimya wa kwake. Kwenye MySQL huwa imezimwa mpaka uiwashe, na ukishaiwasha bila kugusa kitu kingine, "polepole" maana yake ni zaidi ya sekunde 10. Sekunde 10! Mteja wa duka la mtandaoni ameshafunga ukurasa, ameshanunua kwingine. PostgreSQL nayo mwanzoni haiandiki swali lolote kwa sababu ya muda wake. Lazima uipangie kikomo. Mtu anafungua logi, anakuta nyeupe pe, anamwambia bosi wake kwamba hakuna maswali ya polepole.

Hata ukishusha kikomo hadi nusu sekunde, logi haitakuonyesha mwizi anayeiba kidogo kidogo. Swali la milisekunde 40 halimtishi mtu. Liite mara 300 kwa sekunde na umeomba kazi ya sekunde 12 ndani ya kila sekunde moja, yaani unataka wafanyakazi 12 wasiopumzika kwa ajili ya swali hilo peke yake. Kwenye logi halitatokea hata siku moja. Ndiyo maana kwenye PostgreSQL naanza na pg_stat_statements, inayojumlisha muda wote uliotumiwa na kila aina ya swali. Ukipanga kwa jumla badala ya kwa ukubwa wa swali moja, orodha hubadilika kabisa, na mara nyingi kinara wake ni kitu cha aibu: ukurasa wa nyumbani unaohesabu arifa ambazo hazijasomwa, kwa kila mtu, kila mara.

Wastani nao usiuamini peke yake. Maswali 99 ya milisekunde 10 na moja la sekunde 5 yanakupa wastani wa milisekunde 60 hivi, namba ya kupendeza kabisa kwenye slaidi ya mkutano. Yule mmoja aliyesubiri sekunde 5 haonekani, na kwa bahati mbaya huwa ndiye mteja mkubwa, kwa kuwa ndiye mwenye data nyingi. Isitoshe, Prometheus, zana ya kukusanya vipimo, usipoielekeza vingine inachukua vipimo mara moja kwa dakika. Wimbi la miunganisho linalokuja na kuondoka ndani ya sekunde 20 linaweza kupita katikati ya vipimo viwili kama paka kati ya miguu ya meza. Na ukivuta grafu ya wiki nzima, zana nyingi zinabana dakika nyingi ziwe nukta moja, kwa hiyo mlima uliouona juzi ukiwa umesimama wima, leo ni kichuguu.

phpMyAdmin, zana ya kusimamia MySQL kupitia kivinjari, naiweka pembeni kidogo, kwa sababu wengi wetu ndiyo iliyotufundisha kazi. Ilianzishwa na Tobias Ratschiller mwaka 1998, na hadi leo ukinunua nafasi ya tovuti ya bei rahisi hapa kwetu, karibu lazima uikute imo. Siku moja meneja alinipigia akiwa amepaniki: idadi ya miamala ilikuwa 612,304, akaburudisha ukurasa ikawa 588,917. Alidhani kuna mtu anafuta. Hakuona kialama kidogo cha wimbi mbele ya namba, chenye maana ya "takribani". Majedwali ya aina ya InnoDB hayana hesabu kamili iliyohifadhiwa mahali. MySQL inakisia kwa kuchungulia kurasa chache, na maelezo yake yenyewe yanakiri kwamba makisio hayo yanaweza kupishana na ukweli kwa asilimia 40 hadi 50. Kialama kile ni ukweli wote uliopo, umeandikwa kwa herufi ya ukubwa wa chawa.

Kibaya zaidi cha phpMyAdmin ni kuingiza na kutoa data. Faili unayopakia inabanwa na mipangilio ya PHP, lugha iliyoandikiwa zana hiyo, ambayo usipoigusa inaruhusu megabaiti 2 tu, na skripti nayo inapewa muda wenye kikomo wa kuishi. Kuingiza kukigoma utajua, kwa kuwa utaona maandishi mekundu. Ila kutoa nakala kukikatika katikati, unabaki na faili mkononi. Ina jina zuri, ina tarehe, ina uzito, ukiifungua juu kila kitu kipo. Chini kabisa ndipo inaishia katikati ya sentensi. Nakala iliyotolewa na mysqldump, zana ya MySQL yenyewe ya kutoa nakala, ikakamilika humalizia kwa mstari wa "Dump completed". Kuangalia mstari wa mwisho wa faili ni kazi ya sekunde mbili, na mimi siiachi faili ya bakapu kabla sijaufanya ukaguzi huo.

Kuna jambo jingine dogo ambalo nadhani linatupata sisi kuliko wengine, nalo ni saa. Seva nyingi huwekwa kwenye saa ya dunia, UTC, nasi tuko saa tatu mbele. Grafana, zana ya kuchora grafu, usipoiambia kitu, inachora kwa saa ya kompyuta ya anayetazama. Halafu binadamu wa kaunta anahesabu saa za Kiswahili. Anakwambia kwenye simu, "Imeanza kusumbua saa tatu." Kwenye grafu tukio hilo liko kwenye 09:00. Kwenye logi liko kwenye 06:00. Tatu, tisa, sita, na yote ni wakati mmoja. Nimemwona kijana hodari akisoma kwa makini logi za 03:00 kwa sababu kaambiwa saa tatu, huku 03:00 ya pale ikiwa ni saa kumi na mbili asubuhi, ofisi bado haijafunguliwa. Akaandika ripoti kwamba hakuona tatizo lolote. Na kweli hakuliona.

Sasa nije kwenye mkasa ambao kila mtu wa kazi hii anapaswa kuujua kwa undani, maana umewekwa hadharani na waliopatwa nao wenyewe. Ni wa GitLab, kampuni inayowahifadhia watengeneza programu msimbo wao, usiku wa tarehe 31 Januari 2017.

Hifadhidata yao ya PostgreSQL ilikuwa na seva kuu na seva nakala. Jioni ile mzigo ulipanda ghafla, watumaji taka wakiwamo, na nakala ikaachwa nyuma kiasi cha unakili kukatika. Mhandisi akaingia kuijenga upya kwa pg_basebackup, zana inayovuta data nzima kutoka seva kuu. Kwanza zana ilikataa kwa sababu za mipangilio ya miunganisho, zikarekebishwa. Kisha ikaanza, na ikanyamaza. Hakuna asilimia, hakuna kosa, hakuna kitu. Baadaye ilijulikana kwamba ule ulikuwa ukimya wa kawaida kabisa: zana inaisubiri seva kuu ianze kutuma data, na wakati wa kusubiri haisemi neno. Lakini saa tano usiku, baada ya siku ndefu, ukimya huo unasomeka kama kukwama. Mhandisi akahisi labda folda ya data iliyokuwapo tayari kwenye nakala ndiyo inayoikwaza. Akaamua aifute.

Akaifuta kwenye seva kuu.

Majina ya seva mbili hizo yalitofautiana kwa tarakimu moja, 1 na 2. Alishtuka ndani ya sekunde moja au mbili akasimamisha amri. Kati ya gigabaiti 300 hivi, zilikuwa zimebaki kama 4.5.

Hadi hapa ni kosa la kidole, na vidole vya usiku hukosea popote. Kinachofanya mkasa huu uwe somo ni walipokwenda kutafuta bakapu. Palikuwa na bakapu ya kila siku ya pg_dump inayopelekwa kwenye S3, hifadhi ya mtandaoni ya Amazon. Wakafungua hifadhi: tupu. Ilikuwa inaendeshwa kwa pg_dump ya toleo la 9.2 wakati hifadhidata ni ya 9.6, na pg_dump ya zamani inakataa kusoma seva mpya zaidi yake. Ilikuwa ikikataa kila siku. Na kila siku ilikuwa ikijaribu kutoa taarifa kwa barua pepe kwamba imekataa, lakini barua hizo hazikuwa zimetiwa saini inayotakiwa na DMARC, kanuni za kuhakiki mtumaji wa barua pepe, hivyo mpokeaji alikuwa akizitupa kabla hazijamfikia mtu. Huku Azure nako, yaani huduma ya Microsoft iliyokuwa ikibeba seva zao, picha za diski hazikuwa zimewashwa kwa seva za hifadhidata.

Tazama mnyororo huo vizuri. Zana ya bakapu ilisema. Mfumo wa barua ulisema. Hakuna aliyelala kazini. Sauti ilipotelea njiani, na mwisho wa njia watu waliona kikasha cha barua kisicho na malalamiko, wakakielewa kama tunavyovielewa sote.

Kilichowaokoa ni picha ya diski ambayo mhandisi aliichukua kwa mkono kama saa sita kabla, kwa shughuli nyingine kabisa ya majaribio. Kuirudisha kulichukua zaidi ya saa 18, kwa kuwa ilikuwa kwenye diski za polepole, na waliirusha kazi hiyo moja kwa moja YouTube watu wakitazama. Yaliyoandikwa ndani ya saa hizo karibu sita yalipotea: miradi kama 5,000, maoni kama 5,000, na akaunti mpya kama 700. Naheshimu sana walivyoeleza kila kitu bila kujificha nyuma ya maneno. Kampuni nyingine ingesema "hitilafu ya kiufundi" na kunyamaza.

Zana za vitufe, kwa upande wake, zina hatari iliyo kinyume cha ukimya: zinafanya mengi kuliko zinavyoonyesha. Kwenye programu ya Microsoft ya kusimamia SQL Server, ukibadilisha mpangilio wa jedwali kwa kuburuta na kubonyeza, kwa baadhi ya mabadiliko programu inaunda jedwali jipya nyuma ya pazia, inahamisha data yote, inafuta la zamani, halafu inalipa jipya jina la lile la zamani. Kwa jedwali la rekodi 500 hutagundua. Kwa la rekodi milioni 40 umefunga duka. Walioitengeneza wenyewe waliweka kizuizi kinachokataa kuhifadhi mabadiliko ya namna hiyo, na unajua watu wanafanya nini wakikutana na kizuizi: wanatafuta mtandaoni namna ya kukizima, wanakizima, wanaendelea na chai.

Nyingine ni ya kuteua maandishi. Katika nyingi ya programu hizi, ukiwa umeteua sehemu ya maandishi, inaendeshwa sehemu hiyo tu. Amri ya DELETE iko mstari wa kwanza, sharti la WHERE liko mstari wa pili, kipanya kimeteleza kikateua wa kwanza. Jedwali zima limekwenda na maji. Watengenezaji wa MySQL wanatujua vizuri. Programu yao ya kuandika amri ina kigezo kinachozuia kufuta au kubadilisha bila sharti, na jina lake la pili ni --i-am-a-dummy, "mimi ni mbumbumbu". Nimekiwasha kwenye kila mashine yangu. Sioni aibu.

Na hii imewahi kunikwaruza mwenyewe: kwenye PostgreSQL, amri ya EXPLAIN peke yake inakueleza swali litaendeshwaje. Ukiongeza ANALYZE, inaliendesha kweli ili ipime muda halisi. Ukiiweka mbele ya DELETE ili "uone tu mpango wake", itakuonyesha mpango mzuri sana wa namna ilivyofuta. Ni lazima uitangulize na BEGIN, ya kufungua muamala, na uimalizie na ROLLBACK, ya kuutengua. Mimi nilijifunza kwenye seva ya majaribio, namshukuru Mungu.

Arifa nazo zina maradhi ya kelele, kila mtu anayajua, sitakaa hapo sana. Diski ikifika asilimia 80 simu inalia. Asilimia 20 ya gigabaiti 100 ni jambo la wiki hii. Asilimia 20 ya terabaiti 10 ni jambo la mwaka ujao. Ukipokea 60 za namna hiyo kwa siku, utaziundia folda yake, na folda hiyo ndiyo kaburi lao. Kinachonikera zaidi ni kwamba katikati ya kelele zote hizo, kitu kikubwa mara nyingi hakimo. PostgreSQL inampa kila muamala unaoandika namba, na namba hizo zina biti 32, kwa hiyo unaweza kutazama nyuma kama bilioni 2 tu kabla mzunguko haujajirudia. Usafishaji wa ndani ndio unaozuia hilo lisitokee. Usafishaji ukizidiwa, au ukizuiwa na muamala mmoja ulioachwa wazi, hifadhidata huanza kulalamika kwenye logi, na mwishowe hukataa kuandika ili isiharibu data. Sentry, huduma ya kufuatilia makosa ya programu, walisimamishwa na jambo hili Julai 2015, na Mandrill, huduma ya kutuma barua pepe, wakafuata Februari 2019. Prosesa, kumbukumbu na diski hazikuambii kitu kuhusu umri wa namba za miamala. Ni grafu ya mstari mmoja inayopanda taratibu kwa wiki nyingi, na lazima uiombe wewe.

Kwa wanaotumia Oracle, hifadhidata ya kulipia, neno moja la mfuko. Majedwali ya historia ya utendaji yanayoanza na DBA_HIST yapo wazi kwenye toleo la Enterprise, yanajazwa yenyewe, na hakuna kinachokuzuia kuyasoma. Lakini leseni yake inauzwa mbali, na mpangilio unaoruhusu matumizi hayo huja ukiwa umewashwa tayari. Hifadhidata inaweka kumbukumbu ya kila kipengele ulichotumia. Wakaguzi wa leseni wakija, kumbukumbu hiyo ndiyo wanayoanza nayo. Kama hamjalipia, zimeni mpangilio ule na mtumie Statspack, ya zamani, ya bure, isiyo na sura.

Usisahau pia kwamba zana ya ufuatiliaji inashika funguo za kila nyumba. Mwaka 2020 waliovamia SolarWinds walipenyeza msimbo wao ndani ya masasisho ya Orion, programu ya kufuatilia mitandao, na wateja kama 18,000 wakayapokea kwa mikono miwili. Kwa hifadhidata, zana ya kutazama ipewe mtumiaji wa kutazama tu. Kwenye PostgreSQL lipo jukumu la pg_monitor kwa kazi hiyo hasa. Bado nakuta dashibodi zinazoingia kama mtumiaji mkuu, nywila ikiwa kwenye faili ambayo ofisi nzima inaisoma.

Pale kwenye chama cha akiba nilibadilisha machache. Muamala usiofanya kitu sasa unakatwa baada ya dakika 10. PostgreSQL ina mpangilio huo tangu toleo la 9.6 ila huja umezimwa. Amri za kubadilisha majedwali zinasubiri kufuli sekunde 3 tu, zikikosa zinajiondoa, ili lori lisizibe daraja. Juu kabisa ya ubao nimeweka namba mbili ambazo awali hazikuwapo: walio kwenye foleni ya kufuli ni wangapi, na bakapu ya mwisho iliyofanikiwa ina umri wa saa ngapi. Hiyo ya pili ikivuka 26 simu inalia. Kwa hiyo bakapu haihitaji tena kuwa hai ili iseme imekufa.

Ijumaa saa kumi jioni naichukua bakapu ya usiku uliopita, nairudisha kwenye mashine kuukuu iliyo chini ya meza, nahesabu rekodi za majedwali matano na kulinganisha na seva yenyewe. Inachukua dakika 50 hivi, na nusu ya muda huo nakunywa chai.

Na yule dada wa kaunta bado ana namba yangu. Alipiga tena mwezi jana. Sikuutazama ukuta. Nilimuuliza, "Ni wewe peke yako au wote hapo? Kusoma kunagoma, au ni kuhifadhi?" Akasema wote, kuhifadhi tu. Nikaenda moja kwa moja kwenye diski ya logi za miamala. Ilikuwa imejaa pomoni, na ubao ulikuwa unafuatilia diski nyingine.